Kadi ya Majina Mawili

14 Februari

Mdogo wangu,

Baridi ya huko inakutendeaje? Sisi huku wazima. Goti la Mama linasumbua asubuhi tu, likishapata moto anatembea kunishinda. Anasema kwenye simu ya Jumapili ulikuwa na sauti ya mafua, unywe kitu cha moto na uache kuosha nywele usiku. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu Mama anakaa katikati yetu kama refa, na pia nina kitu cha kukuonyesha ambacho simu haiwezi kukibeba. Kimo humu ndani ya bahasha. Usicheke kwanza.

Tumepata kazi ya kadi za harusi. Kuna binti mrefu anayehudumu kwenye duka la dawa pale kona, alianza kazi baada ya wewe kuondoka. Aliingia kununua bahasha, akaiona ile kadi yako ya maua iliyobaki ukutani. Akaigusa.

"Herufi zimeinuka," akasema. "Mnafanyaje?"

Nikamweleza kwamba ni unga wa nakshi, unanyunyizwa kwenye wino mbichi kisha unapigwa moto, unayeyuka na kuvimba. Akasema anataka hivyohivyo, kadi zote, majina yainuke kwa dhahabu. Mdomo ukanitangulia, nikasema hakuna shida.

Sasa shida ndiyo hii. Wewe unajua mimi ni mtu wa kukata na kukunja. Unga ulikuwa wako, sijafungua hata chupa moja tangu uende. Kwanza niliiogopa ile bloa ya kupulizia moto, nikatumia draya ya nywele. Unga wote ukapeperuka. Jaribio la pili Mama alikuja kuchungulia, akapiga chafya, dhahabu ikahamia kichwani kwake. Akaenda nayo sokoni bila kujua, wanawake wakamwuliza anatengenezea nywele saluni gani. Alirudi amefurahi siku nzima.

Basi nikaishika bloa. Kadi ya kwanza iliungua. Ya pili dhahabu iling'aa vizuri, halafu ikalala chini kama imekata tamaa. Ya tatu herufi ziliinuka, lakini karatasi yote imejaa vipele vya dhahabu. Nimekutumia hizo mbili za mwisho uzione kwa vidole vyako. Nifanyeje?

Dada yako

*

3 Machi

Dada,

Shikamoo, na Mama pia mpe yake. Mafua yamekwisha, mwambie nakunywa vitu vya moto mpaka Bibi wa hapa kazini ananiuliza kama nina mimba. Bibi hajambo. Siku nyingine anajua mimi ndiye ninayemtunza, siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake na kunigombeza kwa makosa ya miaka sitini iliyopita. Naomba radhi tu, yanaisha.

Bahasha yako niliifungulia jikoni, kabla sijavua aproni. Ilipotoka tu nilisikia ile harufu ya dhahabu iliyoungua kidogo. Nikakaa chini. Nimekaa nchi ya watu muda wote huu na sikujua kwamba kitu ninachokikumbuka zaidi ni harufu ya chumba chetu cha mbele mchana, bloa inaunguruma, wewe unalalamika mkasi hauna makali na hutaki kuupeleka kunolewa.

Sasa nisikilize. Vipele vinatokana na mikono yako. Karatasi ikiguswa inabaki na jasho la vidole, na unga unashika kila penye unyevu. Funga poda ya mtoto kwenye kitambaa kidogo, uipapase karatasi yote kabla ya kupiga muhuri. Ukishanyunyiza unga, inua kadi, igongegonge kwa nyuma juu ya karatasi iliyokunjwa ili unga uliozidi urudi kwenye chupa. Punje zinazobaki zitoe kwa ile brashi ndogo, taratibu, kama unamfuta mtoto aliyelala.

Ile iliyolala chini uliipika kupita kiasi. Washa bloa mbali na kadi kwanza, ipate moto. Ndipo uilete, ukianzia chini ya karatasi. Tazama unga: mwanzo umefifia kama mchanga, kisha ghafla unageuka, unang'aa kama umelowa. Ukigeuka hapo, hapohapo ondoa. Ukisubiri uone zaidi, unazama kwenye karatasi na hautoki tena.

Na bloa usiiogope. Fundi aliitengeneza vizuri. Unakumbuka alivyoirudisha mara tatu akisema ameona kasoro, na kumbe ilikuwa nzima tangu mara ya kwanza, alitaka tu kuingia? Ukimwona pale kwenye redio zake mwambie amekuwa mvivu. Barua yake ya mwisho ilikuwa ukurasa mmoja na nusu yake ilikuwa habari za umeme kukatika. Nilipomwandikia kwamba Bibi hana mtu mwingine na nimeombwa niongeze mwaka, alisema ni sawa, kazi ni kazi, atasubiri tuseme na wazee nikirudi. Mwaka wenyewe unakwisha Septemba. Mwambie hivyo, ajikaze.

Nitumie jaribio lingine.

Mdogo wako

*

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hapa tu wazima, mvua imeanza na unga unataka kugandana chupani, nimeuweka juu ya kabati karibu na taa.

Ulichosema kuhusu poda ya mtoto ni kweli tupu. Vipele vimekwisha. Na nimeona ule wakati wa kugeuka. Mara ya kwanza nilipouona niliita Mama aje atazame, akaja, akasema, "Ni nzuri, lakini chai imepoa." Sasa kila nikifanya anakuja kusimama nyuma yangu na mkono mdomoni asipige chafya.

Bado kuna kitu. Herufi ndogo zinajaa, matundu yake yanazibika, jina halisomeki vizuri. Sijui kosa ni wino au unga. Nimekuwekea jaribio humu, lipapase. Pia niambie kama kalamu ya wino wa kunata inafaa kuliko muhuri kwa majina, maana muhuri wa majina sijachonga bado.

Binti wa duka la dawa amepita mara mbili kuangalia. Ni mpole. Harusi yao ni Julai.

Dada yako

*

6 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Jaribio lako nimelipata. Unga uliotumia ni ule wa chenga nene, wa maua na mapambo ya pembeni. Kwa majina tumia ule laini, wenye kifuniko cha bluu. Kosa ni hilo tu, mkono wako umeshakuwa mzuri.

Sasa na mimi nikuulize. Kadi ya harusi ina majina mawili. Umenitumia jina la binti, chini yake kuna neno "na", chini ya hapo kuna ukingo wa mkasi. Umekata kwa makini sana, umefuata mstari. Mkasi umeupeleka kunolewa.

Halafu nilikuuliza habari za Fundi, ukanijibu habari za kalamu.

Niambie.

Mdogo wako

*

17 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Ngoja niiandike moja kwa moja.

Ni yeye.

Nilijua tangu siku ile ya kwanza. Nilipomwuliza binti majina alitamka lake, kisha akatamka la Fundi, na mimi nikaliandika kama mtu anayeandikia mteja yeyote. Mkono uliandika wenyewe. Alipotoka nikafunga mlango, nikakaa. Mama akaniuliza nani kafa.

Jioni ile nilikwenda dukani kwake. Alikuwa ameinama juu ya redio, koleo mkononi. Aliponiona akasimama, akasema, "Karibu, dada." Mdogo wangu, yule mtu ameniita shemeji tangu mwaka alioanza kukuletea bloa. Neno hilo moja lilinitosha.

Nikamwuliza, "Mji mzima huu ulikosa mahali pengine pa kutengenezea kadi?"

"Yeye ndiye aliyechagua," akasema. "Hajui. Alirudi amefurahi, ananieleza habari ya kadi aliyoiona ukutani. Ningemwambia nini? Tusiende pale, pana kadi nzuri mno?"

"Ungemwambia ukweli."

Redio moja pale kwenye rafu ilikuwa inakoroma, akaizima. Kisha akasema, "Nilimsubiri. Usidhani sikumsubiri. Lakini mwaka huu wa tatu nikagundua simsubiri yeye tena, nasubiri barua. Na barua ikija naisoma kama habari za mtu ninayemfahamu, anaendelea vizuri. Nikaogopa. Nikamwona huyu kila siku pale dirishani, akaniuliza hali yangu, nikajikuta namjibu."

"Na mdogo wangu umemwambia?"

"Nimeandika. Sijatuma."

Nilitaka kumtukana, nilikuwa na maneno tayari. Lakini alikuwa amekonda, na alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja nimpige ili amalize. Nikaondoka. Nikamwambia akutumie hiyo barua kabla mwezi haujaisha, la sivyo nitaandika mimi. Naona nimeandika mimi.

Nilikukatia jina lake kwa sababu nilihitaji mkono wako, na nilijua ukiliona hutanipa. Hapo nimekukosea. Kazi hii naweza kuirudisha kesho. Nitamwambia binti bloa imeharibika. Sema neno tu.

Mama anajua. Tangu ajue anapita mbele ya duka la Fundi akiwa ameangalia upande wa pili, mpaka juzi akajigonga kwenye mlango wa fundi viatu.

Dada yako anayekupenda

*

12 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya. Jumapili mbili hukupokea simu. Jumapili ya tatu ulipokea ukasema Bibi anakuita, na mimi sikusikia Bibi akiita. Mama alirudisha simu mezani akaifunika na kitambaa, sijui kwa nini.

Sikuulizi kitu. Nataka tu ujue kadi sijazigusa tena. Karatasi nimezikata, nimezikunja, zimekaa kwenye boksi. Bloa nimeichomoa ukutani. Binti alipita jana, nikamwambia mvua inaharibu unga. Akasema hana haraka, akaniachia dawa ya kuchua goti la Mama na akakataa nilipe. Mama ameipaka huku ananuna. Inamsaidia, na hilo linamwudhi zaidi.

Andika hata mstari mmoja. Hata kama ni wa kunigombeza.

Dada yako

*

1 Juni

Dada,

Shikamoo, na Mama mwambie shikamoo yake naileta kwa magoti yote mawili.

Sikugombezi. Barua yake ilifika siku tatu baada ya yako. Ameandika vizuri, hakuzunguka. Nimeisoma nikaiweka chini ya shuka za Bibi kwenye kabati, siku inayofuata nikazipiga pasi shuka zote upya ili nipate sababu ya kuifikia.

Nilikuwa nafanya kazi kama kawaida. Nilimwosha Bibi, nikamlisha, nikamtembeza mpaka dirishani. Siku moja akanishika mkono akaniuliza, "Mbona unakunja shuka hiyohiyo tangu asubuhi?" Nikamwambia kuna mtu anaoa. Akafikiri sana. Akasema, "Anakuoa wewe?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi weka shuka chini, ukae." Nikakaa. Sikujua kama alikuwa ananisemesha mimi au dada yake, lakini alinishika mkono mpaka chakula kikapoa.

Nitakuambia ninachokikosa, halafu nisikiseme tena. Si harusi. Mimi na yeye hatukuwahi kupanga harusi, tulipanga mambo madogomadogo. Kwamba atavunja ule ukuta mwembamba wa nyuma ya duka lake tupate mwanga wa mchana. Kwamba nitafanyia kazi pale, naye hapa, na redio moja katikati. Nililala na chumba hicho kila siku nikiwa huku. Nilishakipaka rangi. Sasa nikifumba macho bado kipo, na sijui nikifanyie nini.

Basi.

Kadi zimalize. Usimrudishie yule binti kazi yake. Aliigusa kadi yangu akaipenda kabla hajajua mimi ni nani. Sina la kumchukia, ingawa nimejaribu.

Jina la Fundi lina herufi zenye matumbo, na mkia mmoja mrefu mwishoni. Nimeliandika mara nyingi kwenye karatasi za kujaribia, nalijua. Unga laini hapo, na mkono mwepesi, la sivyo matumbo yote yatajaa. Usitumie muhuri, tumia kalamu, uandike jina moja, unyunyize, upige moto, ndipo uende la pili, maana wino ukikauka unga hautashika. Pasha karatasi kidogo kabla, mvua imeipa unyevu. Ule mkia upige moto mwisho, kwa mbali, kwa sababu mstari mwembamba unaungua haraka kuliko herufi nene. Na ikitoka usiiguse. Hata ukitamani. Iache ipoe, ikiguswa ya moto inabaki na alama ya kidole milele.

Na ukiwa na hasira naye usiishike bloa siku hiyo. Utaziunguza, na karatasi ile nzuri haipatikani.

Nitumie moja ikikamilika. Nzima, bila kukata.

Mdogo wako

*

26 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Huku hatujambo. Nakutumia uliyoiomba. Ipo nzima.

Nilizifanya zote kwa mkono ulionielekeza. Siku mbili niliamka nina hasira, nikaenda kufua nguo badala yake. Nguo za nyumba hii hazijawahi kuwa safi hivi.

Binti alikuja mwenyewe siku ya kuzichukua, wiki ya mwisho ya Juni. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Ameniambia. Jana." Akasema, "Angeniambia mapema nisingekanyaga hapa. Nimekuja kukwambia kwamba sizichukui, nitatafuta kwingine." Macho yake yalikuwa yamevimba kama yako unapolia, yote mawili sawasawa.

Nikamfungulia boksi. Akatoa moja, akaipeleka kwenye mwanga. Akapitisha kidole kwenye jina lake, kisha kwenye la Fundi, polepole mpaka mwisho wa ule mkia.

"Hii umeifanya wewe?"

Nikamwambia, mkono ni wangu, ufundi ni wa mdogo wangu. Amenielekeza kwa barua, herufi kwa herufi.

"Akijua ni za nani?"

"Akijua."

Akakaa kwenye kiti chako. Akalia, mdogo wangu, na Mama ambaye alikuwa ameapa hatamsalimia akatoka chumbani na kikombe cha chai akakiweka mbele yake kwa kishindo, akarudi ndani. Alipomaliza chai akalichukua boksi. Pale mlangoni akasema nikuambie ahsante, na kwamba hajui kama ana haki ya kukuambia hivyo.

Harusi imepita. Hatukwenda. Tulisikia muziki mpaka hapa. Mama aliongeza sauti ya redio, halafu akakumbuka nani aliitengeneza, akaizima.

Sasa nimefikiria jambo. Septemba mkataba wako unakwisha, na duka lake liko milango miwili kutoka kwetu. Kuna chumba kimepatikana ng'ambo ya pili ya soko, kina dirisha kubwa na kodi inafanana. Naweza kuhamisha meza, karatasi, kila kitu, kabla hujafika. Hutalazimika kupita mbele yake. Au kama utaamua kuongeza mwaka mwingine huko, nitaelewa, ingawa Mama hataelewa na mimi nitadanganya nikisema naelewa. Niambie nifanye lipi.

Dada yako

*

3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa namfundisha mwanamke anayekuja kunipokea kazi. Ni mtu mzuri, ana mikono yenye subira. Nimemwonyesha jinsi Bibi anavyopenda mto wake, na kwamba akigombezwa kwa makosa ya zamani aombe radhi tu. Sikusaini mwaka mwingine. Mtoto wa Bibi alinibembeleza, nikamwambia nina mama mwenye goti.

Kadi imefika. Niliichukua nikakaa nayo kitandani, nikazima taa, nikaisoma kwa kidole. Matumbo yote yako wazi. Mkia haukuungua. Sikuwa nimewahi kuligusa jina lake limeandikwa vizuri hivyo, hata mimi sikuwahi kuliandika hivyo. Nililia, kisha nikalala, na asubuhi nikaamka na njaa.

Usihame. Dirisha kubwa ni zuri lakini wateja wetu wanatujua pale, na Mama hawezi kutembea mpaka ng'ambo ya soko kila siku. Nami sitaki kurudi nyumbani nikute nyumbani kumehama kwa ajili yangu.

Nitapita mbele ya duka lake, Dada. Nitapita kwenda dukani, nitapita kurudi, nitamsalimia na yeye atanisalimia, na mke wake atanunua bahasha kwetu au atanuna, vyovyote apendavyo. Itazoeleka. Sijui lini, lakini sijasikia mtu aliyekufa kwa sababu ya kusalimiana na jirani.

Nafika tarehe ishirini na moja, gari la mchana. Usije na watu. Njoo wewe, na Mama kama goti linaruhusu. Njiani nisimulie mambo mengine yote, nani kajenga, nani kagombana na nani. La Fundi usiniambie mpaka nimefika ndani nimevua viatu.

Na ile siku ya kwanza, nikitakiwa kupita pale, tutoke pamoja. Wewe upite upande wa duka lake, mimi upande wa barabara. Unishike mkono kama ulivyokuwa ukinishika tukienda shule. Usinivute. Nikisimama, simama.

Mdogo wako